Mlinzi wa Siri Asiyeijua Siri

Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo watu wengi hulitenda kila siku bila kulitafakari, nalo ni kuandika neno la siri ili kufunguliwa mlango wa kompyuta. Mwanafunzi huliandika anapotaka kuona matokeo yake. Karani huliandika asubuhi anapofungua majalada ya ofisi. Mfanyabiashara huliandika anapolipa kodi kwa njia ya mtandao, na mkulima huandika namba yake ya siri anapotazama salio katika simu. Kila mmoja wao husubiri kidogo, mlango hufunguka, naye huendelea na shughuli zake. Ni wachache wanaojiuliza swali lililo wazi kabisa: huyo aliyeko upande wa pili amejuaje kwamba neno lililoandikwa ndilo lenyewe?

Jibu linalomjia mtu upesi ni kwamba mwenye tovuti anayo orodha ya majina, na mbele ya kila jina pana neno la siri. Mgeni akifika, orodha hutazamwa, maneno mawili hulinganishwa, basi. Jibu hilo lina mantiki, na kwa muda mrefu mifumo mingi ilifanya hivyo hivyo. Lakini ni jibu la hatari. Mtunzaji mwema wa maneno ya siri hapaswi kuwa nayo. Elimu ya kumtambua mtu bila kuijua siri yake ipo tangu miaka ya 1960, na vyombo vya kuitekeleza hupatikana bila malipo. Kwa hiyo mtu anayeendelea kuyaweka wazi maneno ya watu katika hifadhidata yake, yaani ghala la kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta, hawezi kujitetea kwa kukosa elimu wala kwa kukosa fedha. Amefanya uzembe katika dhamana aliyokabidhiwa.

CHIMBUKO LA TATIZO

Neno la siri katika kompyuta lilianza kutumika katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wataalamu wa chuo hicho, wakiongozwa na Fernando Corbató, walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Madhali kompyuta ilikuwa moja na watu walikuwa wengi, ilibidi kila mtu awe na sehemu yake ya kuweka kazi zake na mgawo wake wa saa. Ndipo kila mmoja alipopewa neno la siri, na maneno yote yakawekwa katika jalada moja ndani ya kompyuta ile ile, yakiwa yameandikwa wazi kama majina katika daftari la mahudhurio.

Haukupita muda mrefu kabla ya udhaifu huo kudhihirika. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Allan Scherr, ambaye mgawo wa saa 4 kwa wiki haukumtosha kwa utafiti wake, aliiagiza kompyuta ichapishe jalada lenye maneno ya siri ya watu wote. Kompyuta ikatii. Habari hiyo aliieleza mwenyewe miaka mingi baadaye. Hakuvunja kufuli; aliomba jalada, akapewa.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 likatokea jambo la ajabu zaidi katika mfumo huo huo. Watumishi wawili walikuwa wakirekebisha majalada mawili kwa wakati mmoja, mmoja jalada la tangazo la siku na mwingine jalada la maneno ya siri. Kwa sababu ya kasoro katika programu ya kuandikia, majalada hayo yalibadilishana nafasi. Tangu hapo kila mtu aliyeingia katika kompyuta alilakiwa na orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake mahali palipokuwa pa tangazo. Hapakuwa na mwizi hata mmoja. Palikuwa na orodha iliyoandikwa wazi na bahati mbaya ya mchana mmoja.

Ndugu wananchi, matukio haya mawili yanafundisha jambo moja. Orodha iliyo wazi haihitaji adui mwenye maarifa makubwa. Inahitaji mtumishi mmoja mwenye tamaa, au kosa moja la programu, au nakala ya akiba iliyosahauliwa kabatini, nayo siri za watu wote zimetoka kwa pamoja. Ulinzi wa mlangoni, hata ukiwa imara namna gani, hauwezi kuwa ulinzi wa pekee wa kitu ambacho hakikupasa kuwamo ndani.

KINU KISICHORUDISHA NAFAKA

Dawa ya tatizo hilo ilipatikana katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Roger Needham, akifanya kazi na kompyuta iliyoitwa Titan, alitumia hesabu ya upande mmoja. Hesabu ya namna hiyo yaweza kufananishwa na kinu cha kusagia. Mahindi huingia, unga hutoka; lakini hakuna mtu awezaye kuuchukua unga akaugeuza mahindi tena. Neno la siri likitiwa katika hesabu hiyo hutoka alama ndefu ya herufi na tarakimu, ambayo wataalamu huiita hashi. Neno lile lile hutoa alama ile ile kila mara. Neno lililotofautiana kwa herufi moja tu hutoa alama nyingine kabisa. Na alama yenyewe haimwonyeshi mtu neno lililoizaa.

Kwa hiyo mtunzaji huhifadhi alama tu. Mtu anapojiandikisha, neno lake husagwa, alama huwekwa katika hifadhidata, na neno lenyewe halihifadhiwi popote. Siku nyingine mtu huyo akirudi na kuandika neno lake, neno hilo husagwa upya na alama mpya hulinganishwa na ile ya zamani. Zikilingana, ndiye. Zisipolingana, siye. Mlinzi amemtambua mwenye nyumba bila kumiliki nakala ya ufunguo wake.

Inafaa kutofautisha jambo hili na usimbaji, ambao ni kuandika kwa fumbo ambalo mwenye ufunguo anaweza kulifumbua. Usimbaji unafaa sana kwa barua na kwa kumbukumbu zinazopaswa kusomwa tena. Haufai kwa neno la siri, kwa sababu neno la siri halina haja ya kusomwa tena na mtu yeyote. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ya Marekani iliibiwa kumbukumbu za wateja wake, na jalada lililoenea baadaye lilikuwa na rekodi zaidi ya milioni 150. Maneno ya siri yalikuwa yamesimbwa kwa ufunguo mmoja, na kwa njia iliyofanya maneno yanayofanana yatoe mafumbo yanayofanana. Kando ya mafumbo mengi palikuwa na dokezo la kumkumbusha mwenyewe neno lake, nalo liliandikwa wazi. Watu walikusanya madokezo ya wote wenye fumbo moja, wakabashiri neno bila hata kuutafuta ufunguo.

KWA NINI KUSAGA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Mtu mwenye busara atauliza: ikiwa alama haiwezi kurudishwa kuwa neno, mwizi ataifanyia nini? Jibu ni kwamba mwizi hairudishi. Anakisia. Anachukua kamusi nzima, majina ya watu, majina ya miji, tarehe za kuzaliwa na timu za mpira, anasaga kila neno kwa kinu kile kile, kisha anatazama ni alama zipi zinazolingana na zile alizoiba.

Jambo hilo lilielezwa bayana mwaka 1979 na Robert Morris na Ken Thompson, wataalamu wa Maabara ya Bell nchini Marekani, walipoandika historia ya ulinzi wa maneno ya siri katika mfumo wa Unix. Walikusanya maneno ya siri 3,289 yaliyochaguliwa na watumiaji wenyewe, wakayapima. Maneno 15 yalikuwa ya herufi moja tu. Maneno 72 yalikuwa ya herufi mbili, na 464 ya herufi tatu. Walipojumlisha maneno mafupi na yale yanayopatikana katika kamusi na orodha za majina, walipata 2,831, yaani asilimia 86 ya yote. Binadamu akiachiwa achague, huchagua kinachokumbukika, na kinachokumbukika kwake hukisiwa na mwenzake.

Wataalamu hao walishauri mambo mawili ambayo hadi leo ndiyo nguzo za kazi hii. La kwanza ni kukifanya kinu kiwe kizito. Walirudia hesabu yao mara 25 kwa kila neno, ili mtumiaji halali asione tofauti, lakini mwizi anayetaka kujaribu mamilioni ya maneno achelewe. La pili ni kutia chumvi. Kabla ya kusaga, neno la kila mtu huchanganywa na herufi za bahati nasibu zilizo zake peke yake, na chumvi hiyo huandikwa kando ya alama. Bila chumvi, watu 1,000 waliochagua neno moja watakuwa na alama moja, na mwizi akimpata mmoja amewapata wote. Chumvi ikitiwa, kila mtu ana unga wake, na mwizi hulazimika kuanza upya kwa kila mmoja.

Historia nayo ilithibitisha maonyo hayo kwa namna isiyotarajiwa. Mwezi Novemba 1988 programu yenye kujieneza yenyewe iliziingilia maelfu ya kompyuta katika intaneti ya wakati huo. Miongoni mwa mbinu zake ilikuwa kukisia maneno ya siri kwa kutumia majina ya watumiaji wenyewe, orodha ya maneno 432 iliyobebwa ndani yake, na kamusi iliyoikuta katika kompyuta. Aliyeiandika alikuwa Robert Tappan Morris, mwana wa yule Robert Morris aliyeonya miaka 9 kabla.

HESABU YA WAKATI

Umuhimu wa kinu kizito waweza kuonyeshwa kwa hesabu ya darasani. Neno la herufi ndogo 8, kwa alfabeti yenye herufi 26, laweza kuandikwa kwa namna 208,827,064,576. Idadi hiyo inatisha mtu, lakini haitishi mashine. Hesabu nyepesi kama MD5, iliyobuniwa mwaka 1991 na iliyokusudiwa iende mbio, hufanywa mabilioni ya mara kwa sekunde moja na vifaa vya picha vinavyouzwa madukani kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta. Mwizi mwenye uwezo wa kujaribu maneno bilioni 10 kwa sekunde humaliza namna zote hizo kwa sekunde 21. Kinu kikifanywa kizito hata mwizi yule yule akaweza kujaribu maneno 1,000 tu kwa sekunde, atahitaji zaidi ya miaka 6, na kama chumvi ipo, miaka hiyo ni kwa mtu mmoja tu.

Ndiyo maana mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières walitoa hesabu iitwayo bcrypt, ambayo uzito wake unaweza kuongezwa kadiri kompyuta zinavyozidi kuwa na kasi. Mwaka 2015 mashindano ya kimataifa ya wataalamu yaliichagua hesabu nyingine, Argon2, ambayo hudai pia kumbukumbu nyingi ya mashine, ili mwizi asiweze kuendesha majaribio elfu kwa pamoja katika kifaa kimoja. Vyote viwili hupatikana bila malipo katika lugha za programu zinazotumiwa na vijana wetu vyuoni. Hakuna haja ya kubuni kinu kipya. Wajuzi wengi waliojitungia hesabu zao wenyewe kwa majivuno waliishia kuwafungulia wezi njia.

Yaliyowapata waliopuuza yanajulikana. Mwezi Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri milioni 32. Yote yalikuwa yameandikwa wazi, bila kusagwa, miaka 30 baada ya maandishi ya Morris na Thompson. Yalipochunguzwa, ilionekana kwamba watu 290,731 walikuwa wamechagua 123456. Mwaka 2012 LinkedIn nayo iliibiwa. Awali zilionekana alama milioni 6.5, zilizosagwa kwa hesabu nyepesi bila chumvi, na mwaka 2016 ikadhihirika kwamba hasara ilihusu zaidi ya watu milioni 100. Hizi hazikuwa kampuni maskini. Walichokosa ni uangalifu.

MLANGO WENYEWE

Kuhifadhi vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni namna mlango unavyomhoji mgeni.

Kwanza, neno la siri lisafiri kwa njia iliyosimbwa kutoka katika simu au kompyuta ya mtumiaji hadi kwa mwenye tovuti. Lisiposimbwa, yeyote aliye katikati ya njia, hata mwenye mtandao wa bure wa hotelini, aweza kulisoma.

Pili, maandishi ya mgeni yapokewe kama maandishi tu, yasipewe nafasi ya kuwa amri. Tovuti nyingi hutunga swali la kuiuliza hifadhidata kwa kuunganisha amri yake na jina alilolileta mgeni. Mgeni mjanja, mahali pa jina, huandika kipande cha amri. Hifadhidata, isiyojua kutofautisha bwana na mgeni, hutii. Mbinu hiyo imeelezwa hadharani tangu mwaka 1998, na ndiyo iliyotumika dhidi ya RockYou. Kinga yake ni rahisi: amri iandikwe kamili kwanza, nafasi za majina ziachwe wazi, kisha maneno ya mgeni yatiwe katika nafasi hizo yakiwa maneno matupu.

Tatu, mlango usiwe na maneno mengi. Mtu akikosea, aambiwe tu kwamba jina au neno la siri si sahihi. Kumwambia kwamba jina lipo ila neno limekosewa ni kumpa mwizi nusu ya kazi yake ikiwa imekwisha fanywa.

Nne, majaribio yapunguzwe kasi. Jambo hili ni la lazima hasa kwa namba za siri za tarakimu 4, kwa kuwa namba hizo ni 10,000 tu kwa jumla, na hakuna kinu duniani kiwezacho kuzificha zikishaibwa. Kinachozilinda ni mlinzi anayefunga mlango baada ya makosa machache, pamoja na vifaa maalumu vya kuzitunzia.

Tano, mtu akishatambuliwa, apewe hati ya muda yenye herufi za bahati nasibu zisizokisika, nayo ifutwe anapoondoka. Na mtu aliyesahau neno lake asitumiwe neno la zamani; atumiwe njia ya kuchagua neno jipya, itumikayo mara moja tu na kwa muda mfupi.

Hapa, ndugu wananchi, ndipo mtu asiye mtaalamu anapoweza kumpima mtunzaji wake. Tovuti ikikutumia neno lako lile lile la zamani, ujue kwamba imelihifadhi kwa namna inayosomeka. Imejishtaki yenyewe. Na mtu akipiga simu akidai kwamba yeye ni mtumishi wa kampuni ya simu au wa benki, na kwamba anahitaji namba yako ya siri ili arekebishe akaunti, ujue kuwa ni mwongo. Mtunzaji wa kweli hana haja ya kuijua siri yako. Mfumo wake umejengwa ili asiijue.

NYUMA YA MLANGO

Liko jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa. Hifadhidata yenyewe ina watumiaji wake, yaani mafundi, makarani na programu zinazoiuliza maswali usiku na mchana. Katika ofisi nyingi wote hao hutumia jina moja la mkubwa wa mfumo na neno moja la siri, ambalo limeandikwa katika karatasi iliyobandikwa ukutani au ndani ya majalada ya programu. Mtumishi akihama, neno halibadilishwi. Likitokea la kutokea, hakuna ajuaye ni nani aliyefungua, kwa maana wote ni mtu mmoja.

Utaratibu ulio sawa ni kila mtumishi awe na jina lake, na apewe ruhusa zinazotosha kazi yake tu. Programu inayoonyesha matokeo ya mitihani iwe na uwezo wa kusoma matokeo. Haina sababu ya kuweza kuyafuta. Anayeacha kazi afungiwe mlango siku hiyo hiyo. Nakala za akiba zilindwe kama ghala lenyewe, kwa kuwa mwizi hachagui kati ya asili na nakala.

Pia daftari la matukio litazamwe. Mwezi Mei 2018 kampuni ya Twitter, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 300, iliwashauri wote wabadilishe maneno yao ya siri. Kinu chake kilikuwa kizuri, bcrypt. Lakini kwa kosa la programu maneno yalikuwa yakiandikwa wazi katika daftari la ndani kabla hayajafika kinuni. Mwaka 2019 Facebook nayo ilikiri kasoro ya namna hiyo kwa mamia ya mamilioni ya watu. Hivyo haitoshi kusema kwamba kinu kipo. Lazima kukagua njia nzima, tangu neno linapopokelewa hadi linapokwisha kusagwa.

Mwenye mfumo wa zamani asikate tamaa. Kwa kuwa hayajui maneno ya watu wake, hawezi kuyasaga upya kwa siku moja; lakini aweza kuzisaga alama za zamani ndani ya kinu kipya, na kila mtu atakapoingia kwa mara ya kwanza, neno lake lisagwe moja kwa moja kwa kinu kipya na alama ya zamani ifutwe.

NANI ANAYEUMIA

Baadhi ya watu husema kwamba tovuti yao ni ndogo, haina fedha wala siri za taifa, na kwa hiyo hakuna wa kuiibia. Hoja hiyo ina kasoro kubwa. Mwananchi wa kawaida hana maneno 50 ya siri kichwani mwake. Analo moja au mawili, naye hulitumia katika chama cha ushirika, katika shule ya mtoto, katika barua pepe na katika benki. Mwizi analijua hilo. Akiliiba katika tovuti ya klabu ya mpira, halitumii huko. Hulipeleka katika barua pepe, na kutoka katika barua pepe hufungua milango mingine yote. Hivyo mtunzaji mdogo ameshika, bila kujua, ufunguo wa nyumba asizozijua. Hasara haimpati yeye. Inampata mama lishe ambaye akiba yake imeondoka, na ambaye hatajua kamwe kwamba chanzo ni orodha ya wazi katika tovuti aliyoitembelea mara moja miaka mitatu iliyopita.

Sheria nayo imekwisha litambua jambo hili. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikaundwa na Tume ya kuisimamia. Sheria hizo zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini sheria haiandiki programu. Inaandikwa na kijana aliyeketi mbele ya kompyuta, aghalabu usiku, akihimizwa na mkubwa wake amalize haraka. Mkubwa asiyeuliza siri za watu zimehifadhiwaje hana haki ya kushangaa zikimwagika.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kiongozi wa ofisi, shule au ushirika anapoagiza tovuti itengenezwe, aulize maswali matatu kabla ya kulipa: maneno ya siri yanasagwa kwa hesabu gani, kila moja lina chumvi yake, na ni nani awezaye kuyaona? Jibu la swali la tatu liwe: hakuna.

Fundi naye asimtwishe mwananchi mzigo usio na faida. Kwa miaka mingi watu walilazimishwa kubadilisha neno kila baada ya siku 90 na kuchanganya alama za kila aina. Mwongozo wa Marekani ndio uliolieneza jambo hilo, na mwandishi wake, Bill Burr, alisema mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri huo. Mwongozo mpya wa mwaka huo huo ulielekeza vingine: neno liwe refu, lisibadilishwe bila sababu, na lilinganishwe na orodha za maneno yaliyokwisha kuibwa ili 123456 ikataliwe mlangoni.

Mwananchi kwa upande wake achague neno refu, hata sentensi ya maneno manne yasiyohusiana, na neno la benki na la barua pepe yasitumiwe mahali pengine popote. Pale panapokubalika uthibitisho wa pili, kama namba inayotolewa na simu, akubali. Asimtajie mtu yeyote namba yake, awe askari, ndugu au mtumishi wa kampuni.

Lakini mzigo mkubwa unabaki kwa mtunzaji. Mwananchi akikosea, anapotea mmoja. Mtunzaji akikosea, wanapotea wote waliomwamini kwa siku moja. Na madhali njia ya kuilinda siri bila kuijua imekuwapo kwa zaidi ya nusu karne, kila mwenye hifadhidata aifungue leo, aitazame safu ya maneno ya siri, na kama anaweza kuyasoma, asilale kabla ya kuanza kazi ya kuyasaga.